Bibi wa Cherehani na Bibi wa Sabuni

Katika mtaa wetu mzima hakuna mwanamke mwenye macho makali kama yangu. Mtu akipita na siri mfukoni, mimi naiona angali mbali. Juzi tu nilimwona kijana wa watu amesimama kwenye kona ya sebule yangu, mrefu, kimya, hana hata salamu. Nikamsema mpaka koo likanikauka, kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuamkia wakubwa. Lilikuwa koti. Tena koti langu mwenyewe, na msumari niliugongelea mwenyewe.

Basi kwa macho hayohayo ndivyo nilivyosimama pale ukumbini mwa chuo, alasiri ile ya maonyesho, wakati kitambaa cheupe kinavutwa kutoka kwenye picha kubwa ya mjukuu wangu. Mliniacha hapo wiki iliyopita, wasomaji wangu, na najua wako waliolala vibaya wakijiuliza bibi kaona nini.

Waliosema nimeona nyoka wamekosea. Waliosema nimemwona marehemu mume wangu nao wamekosea. Yule hakupenda kupigwa picha akiwa hai, sembuse sasa.

Niliona cherehani yangu. Na cherehani yangu haikuwa na mkanda.

Kwa mliozaliwa mkakuta nguo zimeshashonwa, niwaeleze kidogo. Cherehani ya miguu ina magurudumu mawili. Kubwa liko chini, unalizungusha kwa kukanyaga. Dogo liko juu, ndilo linaloipa sindano kazi. Kinachoyaunganisha ni mkanda mwembamba wa ngozi, ncha zake zimeungwa kwa kipini cha waya. Bila mkanda unaweza kukanyaga mpaka ukafika mji wa pili, na sindano isijue kama umetoka nyumbani.

Mkanda wangu ulikatika zamani. Nikaupa kazi nyingine ndani ya nyumba, na habari ya ushonaji ikaishia hapo. Kusema kweli hata kabla haujakatika nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano kwa kubahatisha, kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Sikumwambia mtu. Majirani wakileta nguo, nasema nina kazi nyingi. Ukisema una kazi nyingi watu wanakuheshimu. Ukisema huoni wanakushika mkono kukuvusha barabara, hata kama hukuwa unavuka.

Sasa huo mkanda usiokuwepo ulikuwa umekuzwa, uko ukutani, ukubwa wa mlango.

Na watu wanapiga makofi.

Niwarudishe nyuma kidogo tu, halafu tutakimbia. Mjukuu wangu tunamwita Nukta, kwa sababu alizaliwa mdogo hivi kwamba nesi alimfunika kwa taulo ya kufutia uso ikabaki nafasi. Anasomea kupiga picha za habari. Mwezi uliopita alikuja kwangu na kamera shingoni, uso umekunjamana.

"Bibi, tumepewa kazi ya mwisho. Natakiwa nimpige picha mtu wa kawaida akiwa kazini kwake."

"Umempata?"

"Namfikiria yule fundi viatu wa pale kona."

"Yule?" nikasema. "Yule ana pua."

"Kila mtu ana pua, bibi."

"Yake itajaza picha. Watu hawataviona viatu."

Nukta akacheka, akaanza kufunga mfuko wa kamera. Nikaona mjukuu wangu, niliyemlea chini ya cherehani yangu akichezea vipande vya vitambaa, anakwenda kumtukuza fundi viatu mwenye pua. Wivu ukanipanda mpaka kwenye masikio.

"Kwani kazi yangu mimi imekwenda wapi?" nikasema. "Kesho asubuhi nina gauni la mteja la kumalizia. Ukipita, pita. Usipopita, mimi nitakuwa nashona tu kama kawaida yangu."

Kama kawaida yangu. Nilisema hivyo na uso mkavu.

Asubuhi nilisogeza cherehani dirishani, nikaipaka mafuta ikang'aa, nikajipaka na mimi. Gauni la mteja lilikuwa langu mwenyewe, nimeligeuza ndani nje. Nukta akaingia bila neno, akabana ukutani kama mjusi, maana ndivyo wanavyofundishwa. Nikakanyaga. Gurudumu la chini peke yake linanguruma kama kinu cha kusaga, ukiongeza na mimi kuimba, hakuna atakayesikia kwamba sindano imelala. Kitambaa nilikisukuma kwa mkono.

Yeye alikuwa anatazama mwanga uliopiga shavuni mwangu. Mimi nilikuwa natazama kama ananitazama. Cherehani haikutazamwa na mtu.

Sasa mtasema, bibi, huo ni mchezo wa kizee tu, una ubaya gani? Ngojeni niwaambie ubaya wake.

Wanafunzi hawa wana masharti, na mwalimu wao ameyaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa ukumbi. Hatupangi. Hatugusi. Hatumwombi mtu arudie. Na kila mmoja, kabla picha yake haijatundikwa, anasimama mbele ya wenzake anaapa kwamba maneno yaliyo chini ya picha ni ya kweli. Chini ya picha ya Nukta paliandikwa: *Fundi cherehani akimalizia gauni la mteja.* Nukta aliapa, tena kwa sauti.

Mwalimu wao hana mzaha. Mwaka jana kijana mmoja alimpiga picha kuli amebeba gunia kubwa kuliko yeye. Picha nzuri, watu walilia. Baadaye ikajulikana kwamba gunia lilikuwa na sponji. Kijana hakujua, ni kuli aliyetaka aonekane ana nguvu. Mwalimu akasema mwenye picha ndiye anayebeba, hata kama alidanganywa. Kijana anarudia mwaka mpaka leo, na kuli anatembea kifua mbele.

Tena siku hiyo ya maonyesho kulikuwa na jambo juu ya jambo. Mhariri wa picha wa gazeti, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikuwa anakuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumpa kazi. Mmoja tu. Nukta amelitaka gazeti hilo tangu alipokuwa anafungia nalo madaftari.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mkanda ukionekana haupo, mjukuu wangu hapati kazi, na mwaka anaurudia, akae benchi moja na kijana wa sponji.

Nikajipenyeza kati ya watu, nikaenda kusimama mbele ya picha, mgongo ukutani. Mkoba wangu nikauning'iniza usawa wa gurudumu la juu. Nikatabasamu.

"Mama, samahani," akasema bwana mmoja aliyekuja na familia yake. "Tunaomba tuione picha."

"Si mnaniona mimi? Ndiye huyohuyo. Tena picha haina rangi, mimi ninayo."

"Tulitaka kuona na cherehani."

"Cherehani zipo madukani, baba."

Nukta akaja mbio. "Bibi, mbona umesimama hapo?"

"Najivunia."

"Jivunie kwa pembeni kidogo."

"Mgongo unaniuma. Ukuta huu unanisaidia."

"Kuta ziko nne, bibi."

Kabla sijajibu, akatokea mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu wanayemwita Twiga kwa sababu hupiga picha juu ya vichwa vya watu bila kupanda kiti. Huyu namwita mume wangu, maana ni rika la wajukuu zangu na ana adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Njoo uone. Na kwangu umo."

"Nimo wapi?"

"Kwenye picha yangu. Ukuta wa pili. Sikujua ni wewe mpaka nilipoikuza."

Nikahisi jasho linateremka mgongoni kwa mpango, kama linashuka ngazi. Kwa sababu nilijua picha gani.

Siku lori la sabuni lilipopinduka kwenye mzunguko wa barabara, mtaa mzima ulikwenda kuokota. Mimi niliwaambia watu wote, Nukta akiwa wa kwanza, kwamba nilikuwa nimelala na kichwa kinaniuma, na kwamba aibu iliyoje, watu wazima kugombea sabuni. Sabuni zilizojaa chini ya kitanda changu nilisema ni zawadi ya rafiki.

Nikachungulia ukuta wa pili. Lori limelala ubavu. Dereva ameshika kichwa. Na mbele kabisa, kuliko watu wote, bibi mmoja anakimbia, gauni amelikunja mbele limejaa miche ya sabuni, kiatu kimoja kimebaki nyuma hewani, na mche mmoja ameuma kwa meno.

Mwendo ule, wasomaji wangu, hata mimi sikujua ninao.

Sasa nikawa na picha mbili, kuta mbili, na mgongo mmoja.

Nilikwenda kuifunika ya sabuni, nikamwona bwana yule na familia yake wanaisogelea ya cherehani. Nikarudi kuifunika ya cherehani, nikasikia kicheko kwenye ya sabuni. Nikaenda, nikarudi. Mtoto wa yule bwana akamwuliza baba yake kama na mimi ni sehemu ya maonyesho.

Ndipo Mhariri akaingia.

Hakusalimia sana. Alivaa miwani, akaanza ukuta wa kwanza, akatazama picha moja moja, mwalimu akimfuata nyuma mikono imefumbatwa. Alipofika kwenye sabuni akasimama. Akakaa hapo. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, kama mtu aliye msibani.

"Huyu hakujua anapigwa picha," akasema. "Huu ni ukweli mtupu. Ni nani huyu?"

Twiga akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Simjui," nikasema. "Lakini anaonekana hakulelewa vizuri."

"Mbona gauni lake kama lako?"

"Kitambaa hiki kilitoka kwa wingi."

Mhariri akanitazama juu ya miwani, kisha akaitazama picha, kisha akanitazama tena, miguuni. Nilikuwa nimevaa vile viatu vilevile. Viwili, nashukuru. Mdomo ulimcheza.

Alizunguka ukumbi mzima, akarudi katikati, akamwambia mwalimu, na watu wote wakasikia: "Nimebaki na mbili. Hii ya sabuni, na ile ya cherehani. Kwa sasa sabuni inaongoza."

Twiga akashika kichwa kwa furaha. Nukta akainamisha chake, akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Mjukuu wangu anashindwa, na anayemshinda ni mimi. Bibi wa sabuni anamnyang'anya kazi mjukuu wa bibi wa cherehani, na wote wawili wanalala kitanda kimoja.

Mhariri akaja mbele ya picha yetu. Nilikuwa nimeshawahi, mgongo ukutani, mkoba usawa wa gurudumu.

"Huyu, kwa upande wake, alijua anapigwa picha," akasema. "Tazameni kidevu."

"Kidevu changu kiko hivyo siku zote," nikasema.

"Hata ukilala?"

"Hasa nikilala."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akavua miwani ikaning'inia, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, nikuulize, mtu mzima kwa mtu mzima. Picha ni nzuri, mwanga umekaa, binti ana jicho. Ila kitu kinanisumbua, na sijui ni nini. Siku hiyo ulikuwa unashona kweli?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Pa kunong'ona hata, na pengine yangeisha kwa upole. Lakini Nukta alikuwa amesimama nyuma yake, kamera ameikumbatia, ananitazama kama alivyokuwa ananitazama utotoni nilipokuwa namshonea sare ya shule, akingoja nimvishe.

"Nilishona," nikasema.

Ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaongeza chumvi.

"Nililimaliza lile, na jioni nikashona jingine. Hata leo kabla sijaja hapa nimetoka kumalizia sare za watoto wa jirani."

"Leo?"

"Leo hii. Sindano haijapoa."

"Watoto wangapi?"

"Wengi. Jirani huyo hajui kupumzika."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nukta akaja akanishika mkono, akaubana. Mhariri akatikisa kichwa polepole, na uso ukamlainika.

"Basi nimekosea kuhusu kidevu," akasema. "Mwanamke wa umri huu, mwenye kazi kiasi hiki, ana haki ya kuwa na kidevu." Akamgeukia mwalimu. "Nadhani nimempata mtu wangu."

Nukta akapiga mluzi mdogo wa pumzi. Twiga, mume wangu mwenye adabu, ningemwonea huruma kama ningemwona, lakini hakuwepo. Alikuwa ameshatoka nje na mimi sijui. Ndiyo macho makali yenyewe hayo.

Kwa muda wa kupepesa jicho nilikuwa bibi bora kuliko wote waliowahi kuzaa waliozaa.

"Kabla hujatangaza," mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu, kumbe ana meno mazuri, "wanafunzi wamemwandalia bibi kitu. Ni mapenzi yao tu. Hatukutaka ajue."

"Kitu gani?" nikauliza.

"Nukta ndiye aliyetoa ufunguo," akasema mwalimu.

"Ufunguo wa wapi?"

Mlango ukafunguliwa. Twiga akaingia kinyumenyume, na mwenzake mbele, wamebeba kitu kizito kilichofunikwa shuka. Shuka lilikuwa langu. Maua yale ya bluu ningeyatambua hata nikiwa kipofu kabisa.

"Tumeifuata ulipotoka tu nyumbani, bibi," Twiga akasema, anahema. "Usiwe na wasiwasi, tumeibeba kama yai. Hakuna kilichovunjika wala kudondoka. Kila kitu kipo."

Wakaitua chini ya picha. Kigoda changu cha kushonea nacho wakaja nacho, wakakiweka mbele yake. Nukta ananitazama, macho yamejaa machozi ya furaha, anangoja nifurahi.

Mkono wa Twiga ukaenda kwenye ncha ya shuka.

Nikaamua kuzimia.

Kuzimia kuna ufundi wake. Kwanza lazima uchague pa kuangukia. Nilitanguliza goti, nikashusha mkono, nikasogeza mkoba usiumie, nikapanga gauni, halafu ndipo nikapoteza fahamu. Sakafu ilikuwa ya baridi. Nikafumba macho, nikangoja kelele za watu kukimbilia maji.

Sikusikia kelele. Nilisikia che, che, che, che, kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Nikafungua jicho moja. Darasa zima lilikuwa limenizunguka, wengine wamepiga magoti, wengine wamelala kifudifudi, Twiga amesimama juu yangu kama mnara. Kamera zote zinanitazama. Hakuna hata mmoja aliyeninyooshea mkono.

"Mbona hamniinui?" nikauliza, nikiwa bado nimezimia.

"Hatugusi, bibi," mmoja akajibu kwa heshima.

"Bibi," Twiga akasema kutoka huko juu, "ule mkono ulivyokuwa mwanzo ulikuwa umekaa vizuri, kama unaweza kuu..."

"Twiga," mwalimu akasema. "Hatumwombi mtu arudie."

Ni Mhariri aliyenisogelea. Akawatenganisha kwa viwiko. "Wekeni kamera chini. Mtu kwanza, picha baadaye, na hilo nalo liandikeni juu ya mlango. Mleteeni mama kiti."

Wakatazama huku na huku. Ukumbi mzima hapakuwa na kiti. Palikuwa na kigoda kimoja.

Wakaninyanyua, wakanikalisha. Shuka lilikuwa linanizuia miguu, kwa hiyo mtu fulani mwenye huruma akalivuta, akalikunja vizuri, akaliweka pembeni. Nikajikuta nimekaa kwenye cherehani yangu, chini ya mimi niliyekaa kwenye cherehani yangu.

Nukta akaanza kunipepea kwa karatasi. "Unajisikiaje?"

"Vibaya. Nipeleke nyumbani. Na hii mashine nayo irudi, haipendi kukaa nje."

"Pumzika kwanza, bibi."

Mhariri alikuwa amepiga magoti karibu yangu. Nilidhani ananitazama mimi. Hakuwa ananitazama mimi. Alipitisha kiganja juu ya chuma cha cherehani, taratibu, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemjua zamani.

"Marehemu mama alikuwa na kama hii," akasema. "Nilikuwa nalala chini yake, mchana, yeye anashona. Hata sasa nikikosa usingizi naukumbuka ule mngurumo."

Akashika gurudumu la chini, akalisukuma.

Likanguruma. Ukumbi mzima ukanyamaza kulisikiliza, likanguruma vizuri kabisa, mafuta nilikuwa nimelitia mwenyewe. Mhariri akafumba macho, anatabasamu.

Kisha akafumbua. Akatazama gurudumu la juu. Lilikuwa limetulia. Akatazama sindano. Nayo imetulia. Akapitisha kidole pale katikati, kati ya gurudumu na gurudumu, mahali ambapo kidole cha mtu kingepaswa kugonga kitu, na hakikugonga.

"Mama," akasema. "Mkanda uko wapi?"

Mwalimu akasogea hatua moja. Karatasi ya Nukta ikaendelea kunipepea, lakini polepole.

"Umekatika," nikasema.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Nilipokuwa namalizia zile sare. Ukakatika pa, nusura unitoe jicho. Nikausikitikia sana, nikautupa."

"Leo asubuhi."

"Asubuhi hii hii."

Ulikuwa uongo mzuri, wasomaji wangu, una miguu yote minne. Hata mimi niliuamini, nikajisikia uchungu kwa mkanda. Mhariri akaitikia kwa kichwa, akaanza kuinuka. Mwalimu akashusha pumzi. Nikaona kabisa mambo yanapita, yanakwenda zake, yanafunga mlango nyuma yao.

Kisha nikahisi upepo umekoma.

Nukta hakuwa ananipepea tena. Hakuwa ananitazama mimi, wala cherehani iliyo mbele yangu. Alikuwa ametazama juu ya kichwa changu, kwenye picha yake, na si pale kwenye gurudumu nililolilinda alasiri nzima kwa mgongo na mkoba. Alikuwa anatazama pembeni, kule nyuma ya bibi wa kwenye picha, ambako hakuna mtu aliyekuwa na haja ya kutazama.

Kule nyuma liko kabati langu la nguo. Lina mlango ambao komeo lake liliharibika siku nyingi, nikaufunga kwa kitu nilichokuwa nacho karibu. Kitu cheusi, chembamba, cha ngozi, nimekipiga fundo mara mbili, na kwenye ncha yake bado kimebaki kile kipini kidogo cha waya cha kuungia. Na kwa sababu mjukuu wangu ni mpiga picha hodari, na picha ina ukubwa wa mlango, ngozi ile ilionekana hadi nyufa zake.

Nukta akaiweka karatasi chini. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaweka kidole pale kwenye kabati.

"Bibi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Picha hii niliipiga mwezi uliopita. Hapa umefungia nini?"

Mhariri akavaa miwani yake, akasogea.